Sura ya Tisa: Heliamu ya Mgeni Rasmi

Ofisi ya Dokta Leonard ilikuwa na viti vitatu, na vyote vilijaa makaratasi isipokuwa kile alichokalia mwenyewe. Inspekta Agustino alisimama kidogo. Alishasimamishwa na watu wa namna hii mara nyingi, na alijua kuwa kusimama kwake ndiko kulikokusudiwa. Basi akabeba makaratasi ya kiti cha karibu, akayaweka sakafuni bila kuomba ruhusa, akaketi.

Dokta aliyatazama makaratasi yake pale chini kama mtu aliyetemewa mate kwenye kiatu.

"Nilidhani kesi imekwisha, Ndugu Inspekta. Mtu wenu si mnaye?"

"Tunaye."

"Na jembe mnalo."

"Tunalo. Bado natafuta jibu la swali moja au mawili. Mwendesha mashtaka ana tabia ya kuuliza."

Dokta alicheka kwa pua. Alikuwa amevaa suti ya Kaunda ya rangi ya maziwa, yenye kalamu tatu mfukoni, ingawa kwa dakika zote hizo Agustino hakumwona akiandika hata herufi moja. Kituo chake cha Utafiti wa Sumaku kilijengwa mlimani, juu ya barabara ya Bigwa, kwa msaada wa marafiki wa ng'ambo. Wakulima wa kabichi na karoti waliolima chini yake hawakujua kinafanya nini. Walichojua ni kwamba kinakunywa maji. Sumaku kubwa ya kituo ikiwashwa ilipata moto, na maji ya kuipoza yalivutwa kutoka kwenye mfereji wao.

Ugomvi wa maji hayo ndio uliomtia Alois matatani. Alois alikuwa mkulima wa mtelemko ule, mtu wa maneno machache ila siku akiyatoa huyatoa kwa sauti. Mwezi uliopita aligombana hadharani na Simon, mtafiti msaidizi wa kituo, akamwambia kuwa ipo siku atamfukia mferejini pamoja na mabomba yake. Alhamisi jioni Simon alikutwa amekufa kwenye banio, pale maji ya mto yanapogeuzwa kuingia mferejini. Alikuwa amepasuliwa kichwa kwa jembe, na jembe lilikuwa la Alois. Agustino mwenyewe ndiye aliyepanda kwenda kumkamata, na wakati anateremka naye alikuwa akiwaza chakula cha jioni. Jumatatu Alois angepandishwa kizimbani kwa mauaji, na adhabu ya mauaji ni kitanzi.

Lakini asubuhi ya leo Jumamosi, Felista, mke wa Alois, alisimama tena mbele ya meza ya Agustino kituo cha polisi.

"Shikamoo afande. Nimekuja na maneno yale yale ya jana."

"Marahaba. Nimeshayasikia."

"Umeyasikia, hujayashika. Siku ya zamu yako ya maji unachomeka jembe pale banioni, watu waone maji leo ni ya nani. Linashinda pale peke yake, wewe uko shambani kwako chini unaelekeza maji. Kila mpita njia analiona. Alhamisi ilikuwa zamu yetu. Sasa baba, mtu aue kwa jembe lake, kisha aliache pale pale na kwenda kupalilia karoti?"

Jana Agustino alimwambia arudi nyumbani, aiachie serikali kazi yake. Leo alichukua kofia. Hakupanda mlima kwa huruma, tusimpambe bure. Alipanda kwa sababu aliona kuwa wakili yeyote mwenye akili timamu angeuliza swali lile lile, na Agustino hakupenda kuulizwa mbele za watu swali asilokuwa na jibu lake. Kama jembe lilikuwa pale kwa yeyote, basi ilimlazimu ajue kila mtu alikuwa wapi.

"Alhamisi mchana, baada ya sherehe yenu ya kumpokea mgeni rasmi, ulikuwa wapi, Dokta?" aliuliza sasa.

"Kwenye mashine."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nilipoitwa kuambiwa kijana amekutwa kule. Mgeni rasmi alipokwisha kula na kuteremka kwenda kupumzika Rest House mjini, mimi nikajifungia maabara. Wengine husherehekea, mimi hufanya kazi." Alivuta droo, akatoa karatasi ndefu iliyokunjwa kwa kuviringishwa, akaitandaza mezani. "Ushahidi wangu huu hapa. Mashine huchora yenyewe huku inapima. Kipimo hiki kinachukua mchana mzima, na mpimaji hatoki kando yake."

Kwenye karatasi kulikuwa na mstari wa wino uliolala muda mrefu, kisha ukapanda vilele viwili, ukashuka, ukapanda vilele vingine viwili, ukalala tena. Kwenye kona palikuwa na tarehe ya Alhamisi kwa wino wa kalamu ya kawaida. Ukingo wa juu ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

"Mimi hapa naona vichuguu tu," alisema Agustino. "Nieleze."

"Utaelewa?"

"Jaribu bahati yako."

Dokta alifumba macho kwa uchovu, akaanza kufundisha kwa sauti ya mtu anayezungumza na kiziwi.

"Kila kiini cha atomi ya hidrojeni ni kijisumaku kidogo. Ukikiweka ndani ya sumaku kubwa, ukakipigia mawimbi ya redio yanayokifaa, kinaitika. Mawimbi yapi yanakifaa? Inategemea nguvu ya sumaku pale pale kilipokaa. Kwa hiyo ukitaka kujua usumaku wa ndani ya jiwe, hulivunji, unavisikiliza viini vyake. Tumeelewana mpaka hapo?"

"Kiini ni mpelelezi wenu ndani ya jiwe."

"Ukipenda kujisifu, sawa. Jiwe letu ni la kijani, la hapa hapa Uluguru, lina shaba na maji ndani yake. Likiwa na joto la kawaida, atomi za shaba zinageukageuka ovyo, na viini vyote vya hidrojeni vinaitika pamoja. Unapata kilele kimoja, hapa katikati. Lakini ukiliingiza kwenye baridi kali kabisa, baridi ya karibu na mwisho wa baridi yote, atomi za shaba zinatulia na kujipanga. Ndipo kilele kinapasuka. Viwili kulia, viwili kushoto, sawa kwa sawa. Unaona uzuri wake?"

"Kwa nini sawa kwa sawa?"

"Kwa sababu nusu ya atomi zinaelekea juu na nusu zinaelekea chini." Alilisema kwa fahari, kidole kikiwa juu ya vilele, wala hakusikia alichosema.

Agustino alikisikia. Akakiweka kando kwanza.

"Baridi hiyo mnaipata wapi? Kwenye friji?"

Dokta aliangua kicheko cha kweli safari hii. "Friji! Ndugu yangu, theluji yote ya Kilimanjaro ukiileta hapa ni moto mtupu kwa jiwe hili. Ni heliamu. Gesi ya heliamu iliyopozwa mpaka ikawa kama maji. Inaletwa kwa ndege mpaka Dar, na Land Rover yetu inaifuata. Hakuna kitu kingine hapa nchini kinachoweza kukipasua kilele hiki. Andika hivyo, usije ukaandika friji."

Agustino aliandika hivyo. "Inaletwa mara ngapi?"

"Mtungi mmoja kila baada ya miezi michache, tukibahatika. Ujao hata Dar haujafika."

"Na Alhamisi mchana mlikuwa nayo ya kutosha."

"Ningepimaje kama sina?"

"Naomba uweke sahihi hapa chini, Dokta."

Dokta aliweka sahihi bila kusoma. Aliona mwandiko wa polisi haustahili kusomwa.

*

Jane, karani wa kituo, alikuwa chumba cha mbele na taipureta yake. Alitokea Moshi, mwaka wake wa pili hapo, na macho yake yalikuwa yamevimba. Ndiye pekee katika kituo kile aliyeonekana kumlilia Simon.

"Ulimwona Alhamisi mchana?" aliuliza Agustino.

"Ndiyo, afande. Baada ya wageni kula. Alikuja hapa kwangu akaviringisha grafu yake, akaitia mkobani. Akaniambia, 'Dada Jane, naenda Rest House. Namwonyesha mgeni rasmi hii kabla hajarudi Dar.' Akashika njia ya mkato, ile ya banioni."

"Grafu gani?"

"Sijui za kwake hizo. Ndefu hivi. Aliipima wiki ile iliyopita, akawa anaizungumzia tu kila siku mpaka tunachoka."

Mkoba ulikutwa umelala kando ya maiti. Agustino mwenyewe aliufungua. Ulikuwa na shati moja na kipande cha muhogo wa kuchoma, basi. Hakukuwa na karatasi yoyote.

"Dokta alikuwa wapi wakati huo?"

"Sikumwona, afande. Simon alipoondoka nilikwenda nyuma kuosha sahani za wageni." Alisita. "Lakini lazima alitusikia. Nilipokuwa namuuliza Simon kama hamwogopi Dokta, mlango wa ofisi ulikuwa wazi."

Agustino alitazama nje dirishani. Katika mwembe mmoja nyuma ya maabara kulikuwa na puto la kijani limenasa, limenywea kama ngozi ya bibi kizee. Alhamisi asubuhi mji mzima ulisimama barabarani kutazama maputo ya sherehe yakipaa. Mtaani Mwembesongo watu waliacha biashara zao. Yeye pia alisimama, mlangoni pa kituo chake, na wazo la kipumbavu lilimjia wakati ule kisha likampotea. Sasa lilirudi, wala halikuwa la kipumbavu tena.

"Bi Jane, mimi nikimpulizia mwanangu puto kwa mdomo, linalala chini. Yenu yalipaaje?"

Jane alitazama mlango wa ofisi.

"Tumekatazwa kusema."

"Na Alois akinyongwa, hilo mmeruhusiwa?"

Yule dada aliinamisha kichwa juu ya taipureta. Alipoanza kusema alisema kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo.

"Ni heliamu, afande. Dokta alisema mgeni rasmi hajapata kuona maputo yanayopaa yenyewe, Morogoro tutakuwa wa kwanza. Wakaweka mpira kwenye mdomo wa mtungi. Lakini gesi ilikuwa inatoka polepole, na simu ikapigwa kwamba msafara umeshapita Kingolwira. Maputo hayajafika hata nusu. Dokta akasema mtungi upashwe moto kwa ndani, itoke upesi. Akamwambia Petro mlinzi achomeke nondo."

"Nondo?"

"Nondo ya ujenzi, nene, ya joto la kawaida tu, lakini kwa heliamu ni moto mtupu. Ilibaki tulipojenga choo. Simon alikuwa anapiga kelele, 'Msifanye hivyo, msifanye hivyo!' Dokta akamwambia anyamaze, nani ana digrii ya udaktari hapa. Petro akachomeka. Yesu wangu! Ilinguruma, afande. Moshi mweupe ukajaa chumba kizima, tukatoka mbio. Tuliporudi hakukuwa na kitu. Tulifunga maputo yale yale yaliyokuwa yameshajaa."

"Mtungi ulibakiwa na kiasi gani?"

"Simon aliupima kwa kile kijiti chao. Akakaa chini sakafuni. Akasema hamna hata tone."

"Hiyo ilikuwa kabla ya mgeni kufika."

"Kabla. Dokta akatuambia atakayetoa neno atashitakiwa kwa kuhujumu mali ya umma. Yeye, afande! Yeye ndiye wa kutuambia sisi hivyo!"

*

Agustino aliporudi ofisini alimkuta Dokta anachonga kucha kwa wembe. Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni, Jane nyuma yake, na konstebo aliyekuwa akimngoja kwenye gari nyuma ya Jane.

"Nimekosea kukuona mtu mdogo, Dokta," alisema. "Umefanya jambo ambalo halijapata kufanywa na binadamu yeyote."

"Jambo gani?"

"Umekipasua kilele mchana wa Alhamisi, na heliamu yako yote iliondoka asubuhi kwa nondo ya choo. Kwa hiyo umepima baridi bila baridi."

Wembe ulitua mezani. Dokta alimtazama Jane, na Jane, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, hakuinamisha macho.

"Ilibaki kidogo," alisema Dokta.

"Simon aliupima mtungi mbele ya watu. Hamkubaki tone."

"Simon! Simon alijua nini? Simon alikuwa..."

"Haidhuru. Mimi ni askari tu, friji na theluji vinanichanganya. Nitawaandikia wale waliowapa mashine hii. Nitawaambia kwamba Dokta Leonard wa Morogoro ametuma grafu ya jiwe lililopasua kilele likiwa na joto la mchana wa Morogoro. Wao wataielewa. Watakaa na wanafunzi wao waitazame, wacheke kidogo, halafu watasema hiki si kipimo, ni uchafu wa mashine, na huyu bwana hajui..."

"Uchafu?" Dokta alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Uchafu! Unaijua grafu safi wewe? Tazama huo mstari ulivyotulia! Hakuna anayeweza kuicheka grafu hii. Heliamu ilikuwa imejaa, jiwe limetulizwa usiku mzima, kila kitu kimefuatwa kama inavyotakiwa. Hiki ni kipimo halali kabisa!"

"Cha lini?"

"Cha wiki iliyo..."

Alifumba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka na watu watatu wamelisikia.

Agustino hakuinua sauti. Alikuwa akimdharau mno hata asione haja ya kumkaripia. "Wiki iliyopita. Ni kweli, Bi Jane ameniambia hivyo. Aliipima Simon. Alhamisi baada ya chakula aliitia mkobani mbele ya dada huyu, akashika njia ya banioni. Mkoba tumeukuta kando ya maiti, hauna karatasi. Grafu iko kwenye droo yako, imekatwa ukingo uliokuwa na mwandiko wake. Sasa niambie, Dokta, nieleze polepole maana mimi sielewi upesi: ilitembea yenyewe?"

Dokta aliinua kiti kilichoanguka, akaketi.

"Na ile nusu juu nusu chini uliyonifundisha. Nusu ikivuta huku na nusu ikivuta kule, jiwe zima linavuta nini?"

"Hakuna," alisema Dokta, kwa sauti ndogo.

"Hakuna. Si sumaku ya kushika hata pini. Na wewe asubuhi ile ulisimama kwenye jukwaa ukamwahidi mgeni rasmi kiwanda. Nilikusikia, kipaza sauti chenu kilifika mpaka mjini. Sumaku ya Uluguru, taifa litajitegemea kwa sumaku. Watu wakapiga makofi. Na Simon alikuwa amekaa nyuma yako anajua."

"Alitaka kunidhalilisha." Dokta alisema hivyo kwa hasira, si kwa majuto. "Mbele ya mgeni rasmi! Mimi niliyemfundisha kushika bisibisi! Nilimfuata nimwombe, nilimwomba kwa adabu, arudi tuzungumze. Unajua alinijibu nini? Eti, 'Mzee, jiwe limeshasema.' Akanipa mgongo. Mtoto yule akanipa mgongo mimi."

"Na jembe?"

"Lilikuwa pale. Limesimama pale pale tu."

Jane aliweka kiganja mdomoni. Konstebo alipita mbele na pingu. Dokta alinyoosha mikono, kisha akairudisha, akaomba avae koti kwanza ili watu wa chini wasimwone vibaya. Agustino alimwambia koti lisubiri. Alichukua ile grafu, akaiviringisha taratibu, na alipokuwa anatoka aliyasukuma kwa mguu yale makaratasi ya sakafuni chini ya meza.

*

Felista alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo cha polisi tangu asubuhi, kikapu kitupu mapajani. Agustino alishuka kwenye gari akiwa na moyo mwepesi. Kazi nzuri humpendeza mtu, na hii ilikuwa nzuri, alijua hivyo. Alimwona Felista akimtazama Dokta akiingizwa ndani na pingu zake, suti ya maziwa imeshika vumbi, akaona huyu mama anastahili kusikia habari kutoka kinywani mwake yeye mwenyewe.

"Mumeo yuko huru, mama. Wanamtoa sasa hivi. Ni yule Dokta."

Felista aliinuka. Hakulia wala hakushangilia. "Mmemjuaje?"

"Amekiri mwenyewe, hata la jembe kuwa limesimama pale pale. Nilimuudhi kidogo." Alishindwa kuzuia tabasamu. "Nilimwambia grafu yake ni uchafu. Hakuvumilia. Akaropoka mbele ya mashahidi."

"Kwa hiyo kujivuna ndiko kumemponza."

"Ndiko."

"Na kama asingejivuna?"

Agustino alivua kofia.

"Nakuuliza, afande. Kama angekuwa mtu wa kunyamaza kama Alois. Ungemuudhi, akanyamaza. Jumatatu mngemfanyaje mume wangu?"

Alifikiria kumwambia kwamba kulikuwa na Jane, kulikuwa na mkoba, kwamba uchunguzi ungeendelea. Lakini alikumbuka jinsi alivyoteremka na Alois siku ile akiwaza chakula. Aibu ilimpanda usoni mpaka masikioni.

"Nilikuja jana nikakuambia la jembe," alisema Felista. "Jembe lile lile. Ulinijibu nikalale. Leo umelisikia kwa daktari, limekuwa kweli."

Mlango ulifunguliwa, Alois akatoka. Alikuwa ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wake ulichukuliwa siku ya kukamatwa na sasa hakuna askari aliyekumbuka ulikowekwa. Felista alivua kitambaa cha kichwani, akakisokota, akampitishia mumewe kiunoni na kumfunga, pale pale kwenye ngazi mbele ya askari wote. Hakufanya haraka. Alikaza fundo, akalijaribu kwa vidole, kisha akaokota kikapu chake.

"Mama," alisema Agustino.

Walishuka ngazi, wakavuka barabara, wakashika njia ya mlimani. Hawakuaga.